Mwezi ni mmoja, mbona maji hujaa mara mbili?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 26, nakaa Likoni, Mombasa. Nilisomea uhandisi, nikamaliza chuo miaka miwili iliyopita, na kazi bado sijapata. Jioni nafundisha hesabu na fizikia watoto wa mtaa wetu, kidato cha pili na cha tatu, barazani kwa jirani. Walianza wanne, sasa wamefika kumi na mmoja. Wazazi hulipa kidogo kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachotuweka mimi na mamangu.

Kati yao yuko binti mmoja wa kidato cha tatu ambaye babu yake ni mvuvi. Siku moja tulikuwa kwenye somo la mvutano, nikasema mwezi ndio unaovuta bahari ikajaa. Akainua mkono: "Mwalimu, mwezi ni mmoja. Mbona maji hujaa mara mbili kwa siku?"

Mwalimu, nimezaliwa hapa. Navuka feri tangu nikibebwa mgongoni. Sikuwa nimejiuliza swali hilo hata siku moja. Nikaona aibu kunyamaza mbele ya watoto, nikajibu haraka kwamba maji ya upande wa pili hurushwa nje na kule kuzunguka kwa dunia, kama nguo mbichi ukiizungusha. Wote wakaandika.

Baada ya siku mbili akarudi na neno jingine. "Babu anasema bamvua, yale maji makubwa, huja mwezi ukiandama, na huja tena mwezi ukiwa mpevu. Ukiandama sawa, jua na mwezi viko upande mmoja, vinavuta pamoja. Lakini ukiwa mpevu, jua si liko huku na mwezi uko kule? Mbona havipingani?" Baraza zima likanyamaza likinitazama. Nikamwambia, "Hilo halitoki kwenye mtihani, fungua mazoezi." Nilisema kwa ukali.

Wiki ya tatu sasa hajauliza kitu. Anakuja, anaandika, anaondoka. Juzi mamake akaniambia binti anasema fizikia ni ya kukariri tu. Neno hilo limenichoma. Na wiki iyo hiyo mvulana mwingine akaniuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya, nikamjibu kwamba ndiyo sheria ilivyo. Siku hizi nikiona mkono umeinuka moyo unanidunda. Nikisema sijui, wazazi watauliza wanalipia nini.

Niache fizikia nibaki na hesabu? Na huyu binti nimfanyeje?

Mwalimu wa barazani, Likoni


Marahaba, mwanangu.

Fizikia usiiache. Na usidhani hesabu zitakupa pa kujificha, maana huyo mvulana wa hasi mara hasi tayari amekukuta huko huko. Nimefundisha masomo haya mawili zaidi ya miaka thelathini, na nakwambia kwa dhati kwamba swali la pili la binti huyo ni katika maswali mazuri kabisa niliyowahi kusikia kutoka kwa mtoto wa kidato cha tatu. Amechukua ulichomfundisha, akakiweka kando ya anachokijua babu yake kutoka baharini, akaona havikai pamoja. Wako wenye shahada ambao hawajalifanya hilo.

Nitakuja kwenye kumrudisha. Lakini huwezi kumrudia mikono mitupu, kwa hiyo kwanza tukae na maswali yake mpaka yafunguke.

Anza na kilichomo kichwani mwake. Mimi mwanafunzi akiniuliza jambo gumu, neno langu la kwanza ni, "Hebu nichoree unavyoona." Simpi jibu kabla sijaona mchoro. Kwa binti huyu naweza kuubuni kutokana na maneno yake: anaona kamba. Mwezi umefunga kamba kwenye maji na unayavuta yaende upande wake. Ukiwa na picha hiyo, maswali yake yote mawili ni sahihi kabisa. Kamba moja ingeinua maji upande mmoja, dunia ikizunguka tungeyapata mara moja kwa siku. Na kamba mbili zinazovuta huku na huku zingepingana. Hesabu yake haina kosa. Picha ndiyo ina upungufu, na picha hiyo aliipata kwetu walimu tuliposema "mwezi huvuta maji" tukaishia hapo.

Sasa jibu lako la nguo mbichi. Kila jibu, liwe lako au la kitabu, lipime kwa kuuliza lingeleta nini kingine kama lingekuwa kweli. Kuzunguka kwa dunia kweli husukuma maji nje, lakini huyasukuma pande zote za ikweta sawasawa. Hakujui kuchagua upande ulioupa mwezi kisogo. Kama hiyo ndiyo ingekuwa sababu, bahari ingevimba kidogo mzingo mzima na kubaki vivyo hivyo, bila kujaa wala kupwa. Kipimo hicho ungekifanya pale pale barazani kwa dakika mbili, ukiwa nao. Ndiyo maana nasema haraka yako ilikunyima kitu kizuri.

Tuibadilishe picha. Mwezi hauvuti maji peke yake. Unavuta kila kitu: maji ya upande wake, mawe ya katikati ya dunia, na maji ya upande wa pili. Na mvutano hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Mwezi uko kilomita 384,400 kwa wastani kutoka katikati ya dunia, na nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371. Wape watoto hesabu hii waifanye wenyewe kwa kanuni ya kinyume cha mraba wa umbali, yaani umbali ukiwa mara mbili mvutano unabaki robo. Watapata kwamba maji yaliyo chini ya mwezi yanavutwa kwa asilimia 3.4 zaidi kuliko katikati ya dunia, na maji ya upande wa pili yanavutwa pungufu kwa asilimia 3.2. Acha wazitazame namba hizo kabla hujasema neno. Kitu kimevutwa zaidi, kitu cha kati, kitu kimevutwa kidogo, na vyote vinavutwa kuelekea upande mmoja.

Halafu waambie wafikirie matatu tatu zimetoka Feri kwenda mjini, zimefuatana. Ya mbele inakwenda mbio, ya katikati mwendo wa kadiri, ya nyuma inajikokota. Wewe abiria umekaa katika ile ya katikati. Ukitazama mbele, gari inakukimbia. Ukitazama nyuma, gari inabaki. Pande zote mbili nafasi inaongezeka, ingawa zote tatu zinakwenda njia moja na hakuna inayorudi Feri. Gari ya katikati ni dunia yenyewe, na sisi ndio abiria. Maji ya upande wa mwezi yanatutangulia, maji ya upande wa pili yanaachwa nyuma yetu. Uvimbe ni mbili. Dunia ikijizungusha mara moja, Mombasa inapita kwenye uvimbe wote wawili.

Hapo atainuka mtu aseme: basi kama dunia inavutwa hivyo, mbona hatujagongana na mwezi? Usiogope mkono huo. Dunia na mwezi vinaangukiana kila wakati, lakini kila kimoja kinakwenda pembeni huku kikianguka, ndiyo maana vinazungukana na havifikiani. Ni jambo lile lile linalouzuia mwezi usituangukie sisi.

Muda nao unakubaliana. Maji hayajai kila baada ya saa kumi na mbili kamili, hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25. Yakijaa leo saa kumi jioni, kesho yatajaa karibu saa kumi na dakika hamsini. Kila mvuvi wa Mtongwe analijua hilo. Dakika hizo hamsini ndizo anazochelewa mwezi kila siku, kwa sababu dunia ikimaliza mzunguko wake mwezi nao umeshasogea, inabidi dunia iufuate kidogo. Kama kujaa kungetokana na dunia kujizungusha peke yake, maji yangefuata saa ya ukutani.

Sasa swali lile la bamvua. Chukua ukanda wa mpira wa manati, mpe mtoto mmoja ashike ncha ya huku, mwingine ncha ya kule, wavute. Wanavuta kinyume, sivyo? Lakini mpira haukai vile vile, unarefuka. Kwa bahari, kinachohesabika ni huko kurefushwa. Mwezi unairefusha bahari kwenye mstari unaopita kati ya dunia na mwezi, pande zote mbili za mstari. Jua nalo linairefusha kwenye mstari wake, pande zote mbili. Mwezi ukiandama, mistari hiyo miwili imelaliana. Mwezi ukiwa mpevu, jua liko huku na mwezi kule, lakini mstari bado ni ule ule mmoja, kwa hiyo mrefusho wa jua unajumlishwa na wa mwezi. Bamvua hilo. Mwezi ukiwa nusu, tarehe saba au nane na tena kwenye ishirini na mbili hivi ya mwezi wa Kiislamu, mistari imekatana msalaba, jua linapunguza kazi ya mwezi, na maji yanakuwa maji mafu, yaani yanajaa kidogo na kupwa kidogo. Babu yake alikuwa na nusu ya jibu mkononi.

Kuna namba moja hapa ambayo napenda kila mwanafunzi wangu aione. Jua huivuta dunia kwa nguvu karibu mara 180 kuliko mwezi. Waulize: mbona basi bahari inafuata mwezi? Waache wahangaike. Jibu ni kwamba kinachorefusha bahari ni tofauti ya mvutano kati ya upande huu na upande ule, na jua liko mbali karibu mara 390 kuliko mwezi, kwa hiyo upana wa dunia kwake ni kitu kidogo mno, mvutano wake karibu ni sawa kila mahali. Gawanya 180 kwa 390. Unapata 0.46. Nguvu ya jua ya kujaza maji ni kama asilimia 46 ya ile ya mwezi. Jumlisha kwa bamvua: 1 na 0.46 ni 1.46. Toa kwa maji mafu: 0.54. Bamvua linatakiwa liwe karibu mara 2.7 ya maji mafu. Kisha watazame bandarini Kilindini: siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, na siku za maji mafu huwa mita moja na kitu. Mtoto wa Likoni amefanya mgawanyo kwenye daftari, na bahari iliyo mbele ya nyumba yao imemjibu. Mimi bado hilo linanisisimua.

Waambie ukweli pia kwamba picha hii si bahari yote. Mwezi haunyanyui maji kama ndoo ya kisima, maana nguvu hiyo ni kama sehemu moja tu katika milioni kumi ya uzito wa maji yenyewe. Kazi kubwa inafanywa na ule mvuto wa pembeni, unaoyatelezesha maji polepole juu ya maelfu ya kilomita yakarundikana. (Ndiyo maana kikombe chako cha chai hakijai na kupwa: ni kidogo mno, hakuna pa kuteleza. Swali hilo litakuja, jiandae.) Tena mabara yamekaa njiani, kina cha bahari kinabadilika, na maji yana mwendo wake. Bamvua lenyewe huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, na kuna sehemu za Ghuba ya Meksiko ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku. Ukimwambia mwanafunzi mpaka wa maelezo yako uko wapi, hutamharibia. Utakuwa umempa pa kuendelea.

Umesema uliona aibu. Nikueleze jambo. Mwaka 1632 Galileo, mtu aliyeona miezi ya sayari ya Jupiter kwa darubini yake mwenyewe, alichapisha maelezo ya kujaa na kupwa akasema sababu ni mienendo ya dunia inayoyatikisa maji, na akakataa kabisa kwamba mwezi unahusika. Maelezo yake yalileta maji kujaa mara moja kwa siku. Alijua kwamba hujaa mara mbili, akatafuta sababu za kando kando za kuziba pengo. Ilibidi isubiriwe mpaka 1687, Newton alipoeleza jambo hilo kwa mvutano wa mwezi na wa jua. Kosa ulilofanya wewe kwa sekunde tano ni jamaa ya kosa lake. Lililonihuzunisha katika barua yako si jibu la nguo mbichi. Ni lile la "halitoki kwenye mtihani."

Nasema hivyo kwa sababu nimelifanya. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha, mvulana aliniuliza swali lile lile la hasi mara hasi. Nikamjibu kwamba adui wa adui yako ni rafiki yako. Darasa likacheka, likafurahi, likaendelea. Wiki mbili baadaye nasahihisha madaftari naona nusu ya darasa wameandika kwamba hasi 3 toa 4 ni chanya 7. Hasi mbili zimekutana, wamefanya rafiki. Nilikuwa nimewapa methali, na methali haina kipimo cha kuonyesha inatumika wapi na inaishia wapi. Mvulana yule aliniuliza, "Mwalimu, mbona huku adui na adui hawapatani?" Nikamwambia asichanganye mambo. Alikuwa hachanganyi chochote. Mchanganyaji nilikuwa mimi, na hakuniuliza tena mpaka akamaliza shule.

Kwa huyu wako, usimwambie ni sheria, mpe bahari ile ile. Wavuvi na mabaharia wana kipimo cha kukadiria: maji yakipwa kwa saa sita, saa ya kwanza hushuka sehemu 1 ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3 hiyo ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50, 25. Simama kwenye saa zile mbili za katikati, maji yanashuka sentimita 75 kila saa, tuandike hasi 75. Zikipita saa mbili yatakuwa wapi? Hasi 75 mara 2, hasi 150, chini. Haya, rudi nyuma: ukiwa mwisho wa saa ya nne, saa mbili zilizopita maji yalikuwa wapi? Saa mbili zilizopita ni hasi 2. Hasi 75 mara hasi 2. Mtoto yeyote wa pwani atakwambia yalikuwa juu, sentimita 150 juu. Chanya. Hajalazimishwa na sheria, ameona kwamba namba haziwezi kusema vingine bila kusema uongo juu ya maji.

Akishaona hivyo mwonyeshe na upande wa hesabu tupu, maana kuna watoto hawatulii mpaka waone huko. Hasi 2 mara 3 ni hasi 6, mara 2 ni hasi 4, mara 1 ni hasi 2, mara 0 ni 0. Kila hatua inapanda kwa 2. Hatua inayofuata, mara hasi 1, ukiipa jibu lolote isipokuwa chanya 2 umevunja ngazi katikati. Na kuhusu hasi 3 toa 4, hapo hakuna kuzidisha: maji yako chini ya alama kwa 3, yakashuka tena 4. Basi.

Jambo jingine nililolipata baada ya miaka mingi: waache waulize kwa Kiswahili chao cha nyumbani. Vitabu vyao ni vya Kiingereza, na mtoto anaweza kukukaririria ukurasa mzima huku kichwani hamna picha. Binti yako angeuliza kwa lugha ya kitabu, neno bamvua lisingetoka, na swali lisingezaliwa. Lakini Kiswahili chetu nacho kina mitego yake, na ni kazi yako kuifungua. Tunasema "uzito kilo mbili" sokoni Kongowea, halafu darasani tunasema uzito hupungua mwezini. Mtoto aliwahi kuniuliza, kama nikienda mwezini na kilo mbili za unga, ugali utatosha watu wachache? Wenzake walimcheka. Nikawanyamazisha, kwa sababu swali lilikuwa zito. Unga ni ule ule, chembe kwa chembe, ugali ni ule ule: hiyo ni tungamo. Kilichopungua ni nguvu inayoushika mkono wako ukiubeba, imebaki moja ya sita, na huo ndio uzito. Neno moja la sokoni lilikuwa limebeba vitu viwili.

Kuhusu wazazi na pesa zao. Sitakwambia usijali, maana najua mkate wa mamako umo humo. Lakini mzazi hakuachi kwa sababu ulisema sijui. Anakuacha mtoto akirudi nyumbani kila siku bila kitu cha kusimulia. Tenga dakika kumi za mwisho wa kila jioni kwa maswali, uwe na daftari moja la baraza la kuyaandika yale ambayo hayajajibiwa, kwa jina la aliyeuliza na tarehe. Sema, "Hili sijalifikiria vizuri, tuliandike, Alhamisi tulirudie," na Alhamisi ulirudie kweli, hata kama umefika nusu. Ukishindwa kurudi mara mbili, daftari hilo litakuwa uongo mwingine. Mtihani upo na lazima wajiandae, kwa hiyo mazoezi yapate muda wake usioguswa. Na yuko mtoto anayeuliza ili mazoezi yasifanyike, utamjua upesi: hangoji jibu. Huyo mwambie aandike kwenye daftari, mwendelee.

Sasa binti. Ulimkosea mbele ya wenzake, umrudie mbele ya wenzake. Usimwite pembeni. Sema hivi au karibu na hivi: jibu nililowapa juu ya maji ya upande wa pili halikuwa sahihi, futeni. Na swali lililofuata lilikuwa zuri kuliko jibu langu, nikalifukuza kwa sababu sikuwa nalijua. Nimekaa nalo. Leo tunalifanya. Kisha usimtazame yeye peke yake wala usimbembeleze aseme kitu, maana umri huo hupenda kufikiria kabla ya kusamehe. Gawa hesabu ya 3.4 na 3.2, waache wafanye.

Baada ya hapo nenda kwa babu yake. Nenda mwenyewe, umwamkie, umwombe awape watoto asubuhi moja pwani. Chagua siku ya bamvua ya Jumamosi. Kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi, wakati watu wanapoingia mwambani kutafuta pweza, kwa hiyo mkifika saa kumi na moja alfajiri mtayakuta yamejaa na kuanza kurudi. Mtafute gati au ngazi salama, mchomeke fito ndefu iliyotiwa alama kila sentimita kumi, mtoto mmoja asome alama kila nusu saa, mwingine aandike. Mzee na awaeleze anavyoyajua maji, na wewe siku hiyo ukae na watoto umsikilize. Jioni mchore grafu barazani. Utawaona wenyewe wanashtuka, maana mstari utakaotoka hautanyooka: utaanza polepole, utashuka kwa kasi katikati, utatulia mwishoni. Ni mkunjo wa sine, ule ule wanaouliza una kazi gani duniani.

Beba maji ya kunywa na kofia, jua la saa nne halina huruma. Na daftari la maswali usiliache nyumbani.